Mchina, Mkorea, Mkanada au Mmarekani? Kazi ya Sandra Oh kwa waliochanganyikiwa

Ubishi ulianzia kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu, iliyotapakaa kati ya Tanga na Mombasa. Binamu yangu alirusha picha ya Lupita Nyong'o akiwa jukwaani New York, kwenye mchezo wa Shakespeare ulioonyeshwa Agosti 2025, na watu wakaanza kummiminia mioyo na bendera za Kenya. Shangazi, ambaye kwa kawaida mchango wake kundini ni "Amin" na picha za maua za Ijumaa, safari hii aliangalia kando ya Lupita, alikosimama Sandra Oh, mwigizaji aliyejulikana kwa Grey's Anatomy, tamthilia ya madaktari wa hospitali. "Huyu mwingine si yule daktari Mchina wa Grey's Anatomy?"

Pakachimbika. Mmoja akasema si Mchina, ni Mkorea. Mwingine akasema ni Mmarekani, maana tamthilia zake zote ni za Marekani. Mdogo wangu akaapa kwamba ni Mkanada. Kisha akatokea yule ambaye hakosekani katika kundi lolote, akasema kwa uhakika kabisa kuwa huyo mama alifukuzwa Grey's, akapotea, halafu akarudi na kupata Oscar. Shangazi akafunga mjadala: "Mtu mmoja hawezi kuwa vyote hivyo."

Karibu vyote anaweza. Vinavyotoka ni Uchina, kufukuzwa na Oscar. Nilitumia jioni nzima kuwaeleza kwa ujumbe wa sauti, na sijui kama kuna aliyesikiliza hadi mwisho, kwa hiyo nimeona niandike.

Tuanze na uraia, maana ndio mwepesi. Sandra Oh alizaliwa tarehe 20 Julai 1971 huko Nepean, mji uliokuwa ubavuni mwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, na ambao tangu 2001 umemezwa na jiji hilo. Wazazi wake walitoka Korea Kusini wakaenda Kanada kusoma. Baba akawa mfanyabiashara, mama mtaalamu wa biokemia. Kwa hiyo kwa kuzaliwa ni Mkanada, kwa asili ni Mkorea. Mwaka 2018 alichukua pia uraia wa Marekani, alikokuwa amefanya kazi zaidi ya miaka 20, bila kuuacha ule wa Kanada. Upande wa familia yetu ulioko Mombasa ulielewa haraka, maana Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Upande wa Tanga ulisumbua kidogo.

Uchina umetokana na kuchanganya mwigizaji na mhusika wake. Filamu iliyomtoa Sandra Oh ilimhusu binti wa Kichina anayeishi Kanada. Tamthilia yake ya kwanza Marekani alicheza kama Rita Wu. Halafu akaja kuwa Daktari Cristina Yang wa Grey's Anatomy, na Yang ni jina linalopatikana kwa Wachina na kwa Wakorea pia. Ndani ya hadithi yenyewe Cristina ni Mmarekani mwenye asili ya Korea, aliyekulia Beverly Hills. Mtazamaji anayeangalia huku anakaanga samaki hawezi kulaumiwa kwa kutoshika yote hayo.

Bibi harusi na mpambe wake

Kabla ya kwenda mbali, yapo maneno machache ambayo bila kuyashika, kazi ya mwigizaji yeyote wa kule haitaeleweka.

Fikiria harusi. Yupo bibi harusi, na shughuli yote ni yake. Asipokuwepo, hakuna harusi. Huyo ndiye mhusika mkuu. Yupo mpambe, anayekaa naye, kumfuta jasho na kumshikia shela. Huyo ni mhusika msaidizi, na neno msaidizi lisikudanganye: anaweza kuonekana katika kila sehemu ya tamthilia kwa miaka kumi. Halafu yupo mwalikwa, anayekuja, anakula pilau, anaondoka. Huyo ni mwigizaji mgeni, wa sehemu moja au mbili. Tofauti kati ya watu hawa watatu hailingani na ukubwa wa kipaji. Anayeipanga ni mwandishi, aliyeamua hadithi inamhusu nani.

Katika Grey's Anatomy bibi harusi ni Meredith Grey. Jina lake liko hadi kwenye kichwa cha tamthilia. Cristina Yang ni mpambe. Sisi tuna usemi wa wapambe nuksi, lakini huyu alikuwa wa aina nyingine: kila akifungua mdomo, watu walimsahau bibi harusi.

Sasa fumbo lenyewe, ambalo naona ndilo linalostahili kuelezwa kuliko la uraia. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 22 kuelekea 23, Sandra Oh alikuwa bibi harusi mara mbili kwa mpigo nchini kwake. Akahamia Marekani, kwenye pesa na watazamaji wengi. Ikamchukua hadi 2018, akiwa na miaka 46, kusimama tena katikati ya hadithi ya tamthilia kubwa ya televisheni. Alikuwa mhusika mkuu wa filamu ndogondogo hapo katikati, ndiyo. Lakini miaka 24 ni mingi kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kusema hajui kazi.

Msichana aliyekataa chuo kikuu

Alianza na ngoma ya ballet akiwa na miaka minne. Shuleni alikuwa kiranja mkuu wa wanafunzi na alianzisha klabu ya mazingira iliyopiga vita vikombe vya plastiki nyepesi vya kutupa. Alipomaliza alipata ufadhili wa miaka minne kusoma uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Carleton, hapohapo Ottawa. Akaukataa. Akaenda Montreal kwenye Shule ya Taifa ya Maigizo ya Kanada, akahitimu 1993. Wazazi aliwaahidi kwamba atajaribu uigizaji miaka michache, ukimshinda atarudi chuoni. Mzazi yeyote wa kwetu aliyeambiwa na binti yake kwamba anaacha ufadhili akaigize anajua jinsi meza ya chakula ilivyokuwa kimya nyumbani kwao.

Hakurudi chuoni. Ndani ya mwaka mmoja alipata nafasi ya mhusika mkuu katika filamu ya televisheni ya CBC, shirika la utangazaji la taifa, iliyotokana na maisha halisi ya mshairi Evelyn Lau, aliyetoroka kwao akiwa kijana mdogo na kuishi mitaani Vancouver. Inasemwa kwamba waliojitokeza kwenye usaili walizidi 1,000. Mwaka huohuo akawa mhusika mkuu wa Double Happiness, filamu ya mwongozaji Mina Shum kuhusu Jade Li, binti anayetaka kuwa mwigizaji ilhali wazazi wake wanamtafutia mume. Filamu hiyo ilimpa tuzo ya Genie ya mwigizaji bora wa kike. Genie wakati ule ndiyo ilikuwa tuzo kuu ya filamu Kanada. Baadaye iliunganishwa na ile ya televisheni na kuzaa Tuzo za Skrini za Kanada. Miaka michache mbele akachukua Genie ya pili kwa filamu ya Don McKellar ya 1998, Last Night, inayohusu saa za mwisho za dunia katika jiji la Toronto.

Genie mbili kabla ya kufika miaka 30. Kwa nini basi aondoke?

Jirani mwenye soko kubwa

Kanada ni kubwa kwenye ramani, lakini ina watu wapatao milioni 40 tu, na karibu mmoja kati ya watano lugha yake ya kwanza ni Kifaransa na ana televisheni zake na nyota zake. Anayebaki upande wa Kiingereza anapakana na nchi yenye watu zaidi ya milioni 330 wanaoongea lugha hiyohiyo na ambao matangazo yao yanavuka mpaka. Ni kama kufungua genge lako la nyanya mlangoni pa soko kuu: nyanya zako ni nzuri, ila kila mtu anapita kuingia ndani.

Hapa ndipo lilipo kosa la yule ndugu yetu aliyesema kwamba tamthilia zake zote ni za Marekani, na pia lile kosa la upande wa pili, la wanaodhani kila kinachopigwa picha Kanada ni cha Kanada. Taifa Stars ikicheza Cairo haiwi timu ya Misri. Vancouver na Toronto zimejaa kamera za Wamarekani kila mwaka, mitaa yake ikijifanya New York au Seattle, kwa sababu gharama ni nafuu na serikali inarudisha sehemu ya kodi. Mwisho wa siku hizo ni kazi za Wamarekani.

Kazi ya Kanada hujulikana kwa alama. Ili filamu ipewe nafuu ya kodi iliyotengwa kwa kazi za kizalendo, hupimwa kwa alama 10. Mwongozaji akiwa Mkanada, alama 2. Mwandishi, 2. Mwigizaji anayelipwa zaidi, 1, anayemfuata, 1. Zinazobaki zinagawanywa moja moja kwa mpiga picha mkuu, msanifu wa mandhari, mtunzi wa muziki na mhariri wa picha. Lazima ufikishe angalau 6, na mtayarishaji mwenyewe awe Mkanada. Ukitazama vizuri utaona kwamba hakuna alama hata moja inayotolewa kwa hadithi. Unaweza kuandika kisa cha wavuvi wa Pemba na kikahesabika cha Kanada, mradi mikono iliyokitengeneza ni ya Wakanada.

Kinyume chake kipo pia, na Sandra Oh yumo. Turning Red, katuni ya 2022 ambayo yeye ndiye sauti ya mama mkali anayemchunga binti yake hadi dirishani pa shule, inatokea Toronto, imeongozwa na Domee Shi aliyekulia Toronto, na imejaa Toronto kila kona. Lakini imetengenezwa na kampuni ya California, kwa hiyo ni ya Marekani. Killing Eve, ile tamthilia ya 2018 iliyomrudisha katikati ya hadithi, nayo ilitengenezwa Uingereza, ikaonyeshwa kwanza na kituo cha Marekani, kutokana na visa vya mwandishi Mwingereza, nyota wake akiwa Mkanada mwenye asili ya Korea. Shangazi akiuliza hiyo ni ya nchi gani, mimi nitasema mtandao unasumbua.

Miaka ya kufungua mlango wa ofisi

Alipofika Los Angeles mara ya kwanza na tuzo yake mkononi, kama alivyowahi kusimulia mwenyewe, wakala mmoja alimwambia waziwazi arudi kwao akawe maarufu kwanza, maana kwa mwigizaji wa Kiasia kazi hakuna. Wakala ndiye dalali wa mwigizaji: anayetafuta usaili, anajadili malipo, anachukua asilimia yake. Dalali akikwambia nyumba yako haina mpangaji, huwa anazungumzia wapangaji anaowajua yeye.

Alihamia hata hivyo, na kuanzia 1996 hadi 2002 akawa Rita Wu, msaidizi wa ofisi ya wakala wa wanamichezo katika Arliss, tamthilia ya vichekesho ya HBO. Ukitazama orodha ya kazi zake za miaka hiyo utaona mchoro unaojirudia: anafungua mlango, anapokea simu, anatoa taarifa, anafunga mlango. Katika The Princess Diaries ya 2001 ni makamu mkuu wa shule. Ana dakika chache tu, anapokea simu kwamba malkia anakuja shuleni, na namna anavyolitamka hilo neno malkia, kama mtu aliyemeza jiwe la barafu, watu bado wanairudia mitandaoni. Hiyo ndiyo kazi ya mwalikwa anayekula pilau, na yeye aliila kwa namna ambayo wenye harusi walimgeukia. Mwaka 2004 akacheza katika Sideways, filamu ya Alexander Payne, aliyekuwa mume wake wakati huo. Kundi zima la waigizaji wake lilipewa tuzo na chama cha waigizaji.

Halafu ikaja sampuli.

Kule, kituo cha televisheni hakinunui tamthilia kabla ya kuionja. Kinalipia sehemu moja ya majaribio, kama mama ntilie anavyokupa kipande cha andazi ujue kama utaagiza sahani. Ikionekana tamu, unaagizwa msimu. Sandra Oh aliitwa kwenye usaili wa Grey's Anatomy kwa ajili ya uhusika wa Bailey, yule daktari mkubwa anayewasimamia vijana. Akaisoma, kisha akauliza kama kuna uhusika mwingine, akipendelea yule mshindani asiye na huruma. Akapewa Cristina. Tamthilia ilianza kuonyeshwa na ABC tarehe 27 Machi 2005 kwa msimu mfupi wa sehemu 9, na baada ya hapo misimu ikawa mirefu, mara nyingi sehemu 24 au zaidi kwa mwaka.

Hesabu hiyo ina maana yake. Sehemu 24 ni kazi ya karibu miezi tisa, siku ndefu, mwaka baada ya mwaka. Alionekana katika sehemu zaidi ya 200. Ukiuliza mbona kati ya 2005 na 2014 filamu zake ni chache, jibu liko kwenye kalenda.

Alifukuzwa? Na Oscar ilikuwa lini?

Hakufukuzwa. Ila ili uelewe kwa nini watu hudhani hivyo, lazima ujue mkataba wa televisheni ya Marekani ulivyo. Kwa kawaida mwigizaji hutia saini ya miaka sita au saba kabla hata sampuli haijapigwa picha. Ni kama kupanga chumba ambacho mwenye nyumba anaweza kukutoa kila mwaka akitaka, ila wewe huruhusiwi kuhama mpaka miaka saba ipite. Ikiisha, ndipo mwigizaji anapopata nguvu ya kudai. Mwaka 2012 yeye na wenzake wa mwanzo waliongeza miwili. Agosti 2013 akatangaza mwenyewe kwamba msimu wa 10 ndio wa mwisho kwake, na Mei 2014 Cristina akapanda teksi kuelekea uwanja wa ndege na Zurich. Tamthilia iliendelea bila yeye, na bado inaendelea. Mtu akiondoka kwenye shughuli ambayo haijaisha, majirani lazima waseme ametolewa.

Oscar hakupata, na hajawahi hata kuteuliwa kuwania. Oscar ni ya filamu za sinema. Ya televisheni ni Emmy, na hiyo nayo kama mwigizaji hajawahi kuishinda, jambo ambalo huwashangaza hata mashabiki wake. Aliteuliwa mara tano mfululizo kama mhusika msaidizi, 2005 hadi 2009, akashindwa mara zote tano. Mwaka 2007 aliyemshinda alikuwa Katherine Heigl, waliyekuwa wakivaa naye sare moja ya hospitali kwenye tamthilia hiyohiyo. Akateuliwa tena kama mhusika mkuu mara nne kwa Killing Eve, na 2019 akashindwa na Jodie Comer, mwenzake wa Killing Eve. Kuna watu wana bahati ya kukaa meza moja na mshindi.

Alichoshinda ni Golden Globe, mara mbili, 2006 na 2019, na tuzo ya chama cha waigizaji miaka hiyohiyo miwili. Hizi zote zinafanana machoni kwa sababu zote zina zulia jekundu, lakini wanaopiga kura ni tofauti. Emmy hupigiwa kura na maelfu ya watu wanaofanya kazi ya televisheni, waigizaji wakiwachagua waigizaji. Ni mafundi wanaomtaja fundi. Golden Globe miaka ile ilikuwa ya waandishi wa habari wa kigeni wasiofika 100 walioko kusini mwa California. Ni wateja wachache wenye sauti kubwa. Na ile ya chama cha waigizaji ina jambo moja ninalolipenda: kwa televisheni haitengi wahusika wakuu na wasaidizi. Wote wanawekwa kapu moja. Kwa hiyo 2006, Sandra Oh akiwa mpambe, aliwashinda mabibi harusi.

Swali lingine la kundini, la shemeji anayependa mambo ya fedha: hivi Grey's ikirudiwa leo, analipwa? Ndiyo, waigizaji wa Marekani kupitia chama chao hulipwa fungu kila kazi yao ikirudiwa, kama mtunzi wa wimbo anavyopaswa kulipwa redio ikiupiga. Lakini fungu hilo lilitengenezwa kwa zama za marudio kwenye vituo, na enzi ya kutazama kwa intaneti imelipunguza. Lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyosababisha mgomo wa waigizaji wa 2023, uliodumu siku 118.

Simu ya Brooklyn

Baada ya Grey's hakukimbilia tamthilia nyingine. Alipanda jukwaani Chicago. Alitoa sauti na kusaidia kutengeneza Window Horses, katuni ya Kikanada ya Ann Marie Fleming kuhusu binti mshairi anayekwenda Iran. Mwaka 2017 akarudi Vancouver kucheza katika Meditation Park ya Mina Shum, mwongozaji yuleyule wa Double Happiness, safari hii akiwa mama wa watoto wawili na bado akigombana na wazazi wa Kichina wa kwenye filamu. Ninapoambiwa kwamba alipotea miaka hiyo, huwa najua anayesema hakutazama upande wa Kanada.

Kisha ikaja simu ambayo ameisimulia mara nyingi. Alikuwa akitembea Brooklyn, anaongea na wakala wake, huku kidole kinateremsha kurasa za mswada alioletewa. Anatafuta uhusika wake. Anaangalia madaktari, wapokezi, watu wa sehemu moja. Haoni. Akamuuliza wakala: sasa mimi ni nani humu? Wakala akamwambia, ni Eve. Eve ndiye jina lililoko kwenye kichwa cha tamthilia.

Mtu aliyewahi kuwa mhusika mkuu wa filamu mbili kwa mwaka mmoja akiwa kijana, mwenye Genie mbili na Golden Globe moja, alisoma mswada na jicho lake likamruka mhusika mkuu. Yeye mwenyewe amesema jambo hilo lilimshtua, kuona jinsi miaka ya kuambiwa wewe ni wa pembeni ilivyomwingia hadi akajiambia mwenyewe. Nadhani hapo ndipo fumbo la miaka 24 linapofunguka. Ngazi alikuwa nayo, ujuzi alikuwa nao. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika hadithi inayomhusu mwanamke, kisha asione tabu kumpa Mkorea. Kanada ya 1994 alikuwepo Mina Shum, mwanamke wa asili ya Kichina anayeandika maisha anayoyajua. Marekani ilibidi isubiri, na hata ilipofika, kazi yenyewe ilikuwa imeandikwa na Mwingereza, Phoebe Waller-Bridge.

Killing Eve ilianza Aprili 2018, ikaenda misimu minne ya sehemu nane nane hadi 2022. Mwaka wa kwanza tu Sandra Oh akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuteuliwa kuwania Emmy ya mhusika mkuu wa tamthilia nzito. Tarehe 6 Januari 2019 aliongoza sherehe za Golden Globe pamoja na Andy Samberg, na usiku huohuo akaitwa kuchukua tuzo. Wazazi wake walikuwa ukumbini. Baba, yule aliyeahidiwa kwamba binti atarudi chuoni, alikuwa amesimama anapiga makofi. Binti akawaambia kwa Kikorea kwamba anawapenda, akainama.

Kabla yake, mwanamke wa mwisho wa Kiasia kushinda tuzo ile alikuwa Yoko Shimada wa Japani, 1981, kwa kucheza Mariko katika tamthilia ya Shōgun. Na Emmy ambayo Sandra Oh aliigonga mlango mara nne, ilifunguliwa Septemba 2024 na Anna Sawai, kwa kucheza Mariko katika Shōgun mpya. Miaka 43, mhusika yuleyule. Unaweza kuona jinsi hadithi zenyewe zilivyokuwa chache.

Kanada haikumsahau. Septemba 2022, kwenye mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili huko Westminster Abbey, aliyeonekana akitembea na ujumbe wa Kanada akiwa na nishani yake ya Order of Canada kifuani alikuwa yeye. Mtandaoni watu waliuliza Cristina Yang anafanya nini msibani. Wachache walikumbuka kile kipande cha simu katika The Princess Diaries, makamu mkuu wa shule akiambiwa malkia anakuja.

Na ile picha ya binamu? Ni ya Delacorte, ukumbi wa wazi ndani ya Central Park ambako tamthilia za Shakespeare huonyeshwa bure, uliofunguliwa upya baada ya matengenezo. Mchezo ni Twelfth Night, mwongozaji Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Pacha wawili waliopotezana baharini, Viola na Sebastian, walichezwa na Lupita na kaka yake wa damu, Junior Nyong'o, na pacha hao wakija nchi ya ugenini walizungumza Kiswahili. Sandra Oh alikuwa Olivia, bibi mwenye mali anayeomboleza kaka yake. Olivia anampenda Viola akidhani ni mwanamume, na baada ya vurugu nyingi anaolewa na Sebastian.

Nilipolieleza hilo kundini, kimya kilipita kama dakika mbili. Halafu Shangazi akaandika: "Basi yote hayo ya nini. Si useme tu ni wifi yetu."